Ufunguo Umebaki Nje

Kwetu Dar es Salaam mtu akikusimulia jambo refu lisiloaminika, lenye kugeuka mara saba kabla halijaisha, unamwambia, "Hilo nalo ni picha la Kihindi." Wote tunajua maana yake: mapacha waliopotezana utotoni, risasi sita zisizomwangusha stelingi, mvua inayosubiri wapendanao wawe tayari kuimba. Leo nataka kuzungumzia picha la Kihindi lisilo na pacha wala bastola. Mvua imo, ila stelingi anaikinga kwa vyombo ili apate maji ya kunywa.

Filamu yenyewe ni Trapped, ya mwongozaji Vikramaditya Motwane. Ilioneshwa kwanza kwenye Tamasha la Filamu la Mumbai mwaka 2016, ikaingia kwenye majumba ya sinema ya India Machi 2017. Ina dakika 100 na ushee, na sehemu kubwa ya muda huo tunamtazama mtu mmoja, mwigizaji Rajkummar Rao, akiwa amefungiwa ndani ya nyumba moja ghorofa ya 35, katika jengo ambalo hakuna mwingine anayeishi. Kama hujaiona na hupendi kusimuliwa mwisho, ishia hapa, kaitazame kwanza.

Nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu usiku, nikiwa na spika za masikioni. Mara ya pili na Shangazi, aliyekuja kutoka Unguja kutibiwa macho. Huyu ni mtu aliyekulia kwenye sinema za Majestic na Cine Afrique, anayekumbuka nyimbo za filamu za Kihindi kuliko majina ya wajukuu. Dakika ya ishirini aliniuliza, "Mwanangu, nyimbo ziko wapi?" Nikamwambia avumilie. Akavumilia, na baadaye nitasema alichoniambia.

Kisa kinaanza haraka mno, na hapo ndipo filamu inapojikwaa kwanza. Shaurya, anayeigizwa na Rao, ni kijana wa ofisini, mpole, mwoga wa panya, asiyekula nyama. Anampenda Noorie, mfanyakazi mwenzake. Wanatoka mara chache, wanacheka, wanalala pamoja, na mara tunaambiwa Noorie anaozwa kwa mtu mwingine baada ya siku mbili. Shaurya anasema atamwoa yeye. Lakini anaishi na vijana wenzake waliobanana kwenye chumba cha kupanga, hawezi kumpeleka mke pale. Anahitaji nyumba, anaihitaji kesho, na mfukoni ana rupia 15,000 za kodi ya mwezi.

Geetanjali Thapa anaigiza Noorie vizuri kwa nafasi aliyopewa, ila nafasi hiyo ni finyu. Waandishi, Amit Joshi na Hardik Mehta, walimhitaji awe saa ya ukutani: siku mbili, kimbia. Hatujui Noorie anaogopa nini nyumbani kwao, wala kwa nini asiseme hapana mwenyewe. Kwa hiyo baadaye Shaurya anapomkumbuka kule juu akiwa na njaa, tunamwonea huruma yeye, huku Noorie akiwa amekwisha tutoka akilini. Dakika tano zaidi zingetosha, na filamu fupi namna hii ilikuwa nazo.

Ila ndani ya haraka hiyohiyo kuna wazo bora kuliko yote ya filamu hii, na wengi walioizungumzia walilipita kwa sababu walikuwa wanasubiri mlango ufungwe. Shaurya anazunguka kwa madalali, kila nyumba bei iko juu ya uwezo wake. Hatimaye anatokea mmoja, dalali wa pembeni, mwenye ufunguo wa nyumba katika jengo refu ambalo kesi zake mahakamani hazijaisha. Hakuna mpangaji hata mmoja. Jengo linaitwa Swarg, yaani peponi. Anamwingiza usiku. Anapokea pesa, anaondoka zake.

Mtu yeyote aliyewahi kutafuta chumba Sinza au Tabata anamjua dalali huyo. Mambo yake ni ya leo hii, kauli yake ni ya kukuonea huruma, na kila ukimuuliza swali jibu linaanza na "usiwe na wasiwasi". Lakini kisa hiki ni cha Mumbai hasa. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu zaidi ya nyumba milioni 11 za mijini zisizo na mtu ndani. Sensa hiyohiyo iliwakuta watu zaidi ya milioni 5 wa Mumbai wakiishi kwenye mitaa ya mabanda. Minara inasimama bila watu kwa sababu ya kesi, vibali vyenye utata, au wenye pesa waliotaka kuhifadhi mali yao kwenye zege. Miaka michache kabla ya filamu hii, Mahakama ya Juu ya India iliamuru ghorofa zilizojengwa bila kibali zibomolewe katika makazi ya Campa Cola, eneo la Worli. Ruhusa ilikuwa ya ghorofa tano, wajenzi wakaendelea kupanda. Kwa hiyo mtazamaji wa Mumbai hakuhitaji kuelezwa kwa nini mnara mzima uko giza katikati ya jiji linalogombania vyumba.

Wakati mlango unajifunga asubuhi inayofuata, Shaurya ameshapotea tayari. Hana mkataba. Hakuna jirani aliyemwona akiingia. Aliokuwa akiishi nao wanajua amehama. Mchumba atadhani amekimbia. Jina lake halimo kwenye daftari la jengo, kwa kuwa jengo lenyewe halitakiwi kuwa na watu. Mlango unakuja kumalizia kazi aliyoianza dalali.

Na mlango wenyewe unafungwa kijinga kabisa, jambo ninalolisifu. Anatoka mbio kumfuata Noorie, ufunguo uko kwenye kitasa kwa nje, simu inaita ndani, anarudi kuichukua, upepo wa ghorofa ya 35 unausukuma mlango. Paa! Ufunguo umebaki nje. Hakuna mtu mbaya aliyefanya hivi. Nimeshawahi kufanya upumbavu huohuo nikiwa na sufuria ya maharage jikoni, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa ghorofa ya pili na jirani alikuwa na ngazi.

Kuanzia hapo Motwane anafanya kazi ya fundi. Chaji ya simu inakwisha. Umeme, ambao tangu mwanzo ulikuwa wa kuungaunga, unakatika. Bomba linakauka. Chakula ni kidogo kile alichokuja nacho. Kila kitu ndani ya nyumba kinageuka kuwa swali: hiki kinaweza kuwaka? kinaweza kurushwa? kinaweza kuinama? Anaandika neno la kuomba msaada kwa damu yake kwenye vipande vya maboksi na kuvirusha chini. Anatengeneza manati. Usiku anawasha moto roshani ili uonekane. Sijaona filamu nyingi zinazoheshimu vitu namna hii. Kamera ya Siddharth Diwan haimkimbilii usoni kila anapoumia. Mara nyingi inabaki kwenye mikono, nawe unaanza kukokotoa pamoja naye kama boksi lile litafika barabarani au litachukuliwa na upepo.

Kuna sehemu ya mvua ambayo nimeirudia mara kadhaa. Amekaa muda bila maji, midomo imepasuka. Mvua inakuja. Kwanza anasimama tu, mdomo wazi, kichwa nyuma. Kisha akili inamrudia, anaanza kukimbia ndani kutafuta chochote chenye tumbo, chochote cha kukingia. Uso wake unabadilika katika sekunde chache: furaha ya mtoto inageuka kuwa wasiwasi wa mama mwenye nyumba asiyejua mgao wa maji utarudi lini. Aliyewahi kukimbiza ndoo chini ya mchirizi wa bati atauelewa uso ule bila tafsiri.

Suala la nyama ni la pili kwa uzito. Mwanzoni tumeona asivyokula nyama, na filamu haikuliweka jambo hilo kama mapambo. Inaanza na wadudu. Kisha njiwa. Kuua njiwa yule, kumchoma na kumtafuna ni sehemu ngumu kutazama, na ugumu wake hautoki kwenye damu. Tunatazama mtu akivuka mpaka uliowekwa na mama yake, na nyumba yao, na labda vizazi kadhaa, akiwa hana hata mtu wa kumsemesha kwamba ameuvuka. Katika njaa yake anaota chakula cha barabarani cha Mumbai, ile mikate laini na rojo la mboga lenye siagi, na anakitaja kwa utamu kiasi kwamba Shangazi alinyanyuka kwenda kupasha moto sambusa.

Rao mwenyewe hajalala njaa kwa maneno. Habari za wakati wa utengenezaji zilieleza kuwa alijinyima chakula kwa wiki kadhaa, akiishi kwa karoti na kahawa. Mambo ya namna hii huwa yananichosha, maana waigizaji wa siku hizi hutuhesabia kilo walizopunguza kana kwamba tunanunua nyama buchani. Ninachokisifu kwa Rao ni sauti. Siku za mwanzo anapiga kelele zenye adabu, kelele za karani anayeomba radhi kwa usumbufu. Kisha zinakuwa za matusi. Kisha za kuimbaimba. Mwisho anabaki na koo kavu linalotoa kitu kama mkwaruzo wa mlango. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya wahakiki ya mwigizaji bora kwenye Filmfare, tuzo kubwa za filamu za Kihindi, kwa kazi hii, na usiku huohuo filamu ikapata pia tuzo za uhariri, kwa Nitin Baid, na ubunifu wa sauti, kwa Anish John.

Hiyo ya sauti walimpa aliyestahili. Ule usiku wa kwanza, katikati ya filamu, nilisikia redio kwa mbali na watu wakicheka. Nikavua spika za masikioni nijue kama ni majirani zangu. Kimya. Ilikuwa ndani ya filamu: Mumbai nzima iko kule chini inaendelea na shughuli zake, honi, treni, sherehe, na inapanda hadi ghorofa ya 35 vizuri kabisa. Sauti yake yeye ndiyo haishuki. Huo ndio mkasa wote, na Anish John ameueleza bila neno moja.

Ndiyo maana nina ugomvi na mlinzi.

Chini ya jengo kuna mlinzi mzee. Ana redio yake. Na hasikii vizuri. Hapo ndipo niliposimamisha filamu nikasema "Aa!" peke yangu sebuleni. Jengo lina urefu wa zaidi ya mita 100. Upepo ni ule uliofunga mlango. Mtaa una magari, pikipiki na watu milioni kadhaa. Mlinzi mwenye masikio mazima asingesikia kitu, na hata angesikia asingefikiri kinatoka kwenye mnara ambao yeye mwenyewe anajua hauna mtu. Hiyo ingetosha, tena ingekuwa ya kutisha zaidi: mtu mwenye masikio yake anakaa chini yako siku nzima na hakusikii kwa sababu hana sababu ya kuinua kichwa. Kumfanya mlinzi asisikie ni kumwondolea hatia, na kuiondolea hatia Mumbai nzima. Kosa linakuwa la masikio ya mzee mmoja.

Na mlinzi hayuko peke yake. Bahati mbaya zinapangwa foleni. Maboksi yanaanguka pasipo na mtu. Manati inafanikiwa kumfikia mwanamke wa jengo la jirani, mwanamke anafika hadi kwenye mnara, halafu anaondoka. Kila moja kwa nafasi yake inaaminika. Zikiwa pamoja zinaanza kunuka mkono wa mwandishi. Mimi nina kanuni yangu ya kijiweni: kisa kinaruhusiwa kunikopa bahati mbaya moja ya kuanzia, mkopo wa pili uwe na dhamana. Umeme kukatika una dhamana, kwa kuwa nyumba ni ya wizi. Maji kukauka yana dhamana hiyohiyo. Mwanamke kuondoka kuna dhamana nusu: ni kweli watu wa mjini hawataki kujiingiza. Masikio ya mlinzi hayana dhamana yoyote.

Mwaka 2022 ilitoka Mili, filamu nyingine ya Kihindi ya mtu aliyefungiwa, iliyotokana na Helen, filamu ya 2019 ya Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India. Zote mbili aliziongoza Mathukutty Xavier. Janhvi Kapoor ni binti wa kazi kwenye mgahawa, anafungiwa kwa bahati mbaya kwenye chumba cha kugandishia vyakula usiku kucha. Kama ufundi, Mili iko chini ya Trapped. Inatoka nje kila mara, inatuonesha baba, polisi, mchumba, inatukumbusha kulia. Lakini ina jambo moja ambalo Trapped ingelilia wivu. Kinachofungua njia ya kumpata binti ni mlinzi wa jengo, ambaye kila siku husalimiwa naye akiingia na kutoka. Siku ile anakumbuka kwamba alimwona akiingia na hakumwona akitoka. Basi.

Ukiziweka filamu hizi mbili kando kwa kando unaona Motwane alikuwa karibu na kitu kikubwa kiasi gani, akakiacha mezani. Yeye ndiye mwenye jengo tupu, dalali, jiji lililojaa nyumba zisizo na watu na watu wasio na nyumba. Yeye ndiye aliyemwingiza mtu usiku bila salamu. Halafu katikati ya filamu anaisahau hoja yake na kugeukia mtihani wa tumbo: atakula nini sasa, atakata nini sasa. Sehemu hizo zinashika roho, sikatai. Lakini kuna robo saa hivi, baada ya njiwa na kabla ya kutoroka, ambapo filamu inarudia pumzi ileile. Anaanguka, anaamka, anaongea na panya, anaona ndoto. Panya namkubali, mtu aliyekuwa akimkimbia sasa anamfanya rafiki wa kupigia soga, na Rao anamchezea bila kumfanya kichekesho. Ndoto ndizo ninazozikataa. Mwongozaji aliyetufanya tuogope tone la maji hahitaji kutuonesha vitu visivyokuwepo.

Nimeona watu wakilalamika kwamba Shaurya alikawia kufikiria njia aliyotumia mwishoni, ya kuvunja vyuma vya roshani na kushuka kwa kung'ang'ania kutoka ghorofa hadi ghorofa. "Angefanya siku ya kwanza." Mimi siko upande wao. Siku ya kwanza alikuwa na kazi, mchumba, na mwili unaojua kuogopa mita 100. Yule aliyeshuka hakuwa na kimoja kati ya hivyo. Filamu imetupitisha hatua kwa hatua hadi hapo, na ule mteremko, ulioandaliwa bila muziki wa kutuambia tupige makofi, ndio dakika bora za kazi nzima ya Motwane nilizoziona.

Baada ya hapo hakuna zawadi. Noorie ameshaolewa, maisha yalimpita Shaurya kama basi lililojaa. Wengine waliona mwisho huu ni mkavu. Kwangu ni uungwana: filamu iliyomtumia Noorie kama saa ya ukutani angalau haikujaribu kumgeuza kombe la mshindi.

Niseme pia kwamba Trapped ilioneshwa India bila mapumziko ya katikati, kwenye nchi ambako mapumziko ni sehemu ya sinema kama tiketi ilivyo. Uamuzi sahihi. Huwezi kumfungia mtu ndani halafu ukawaachia watazamaji waende kununua soda. Wewe unayeiangalia nyumbani una kitufe cha kusimamisha, usikitumie. Mimi nilikitumia kwa ajili ya mlinzi, na nilipoendelea ilinichukua muda kurudi kule juu.

Shangazi hakutaka isimamishwe hata kwa sambusa. Ilipokwisha alikaa kidogo na miwani yake mkononi, nikamuuliza anaionaje, maana nyimbo hakuzipata.

"Hili si picha la Kihindi," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Yule mzee wa getini hapo kwenu anaitwa nani? Leo nimepita sikujua nimwamkie vipi."

Nimepanga hapa mwaka wa tatu. Nikamwambia tunamwita Babu.

"Sikukuuliza mnamwitaje."